Fundi wa Mabomba na Ujira Uliosalia

Tumeletewa suala na ndugu yetu mmoja, mtu wa Mombasa, ambaye kazi imempeleka bara akakaa Ruiru. Si yeye peke yake. Vijana wetu wengi wa pwani wako upande huo, wengine wakisoma katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kilichoko Juja, wengine wakifanya kazi katika viwanda vya Thika. Kwa hiyo tumeona jibu letu tulichapishe, asaa likawafaa na wengine.

Asema kuwa bomba la nyumba yake, iliyoko orofani, liliharibika, akamwita fundi. Alipomwuliza ujira wake, fundi alimjibu, "Tutaelewana." Akampa shilingi 8,000 za kununulia vifaa na shilingi 3,000 za arubuni. Fundi akaja siku ya kwanza, akabomoa ukuta, akaahidi kurejea kesho. Kesho hiyo ilikuwa siku ya tisa, na siku zote hizo watoto wakichota maji kwa ndoo. Mwisho akaunga mabomba, ukuta ukazibwa na vigae vikapigwa, na hapo ndipo alipotaja kuwa ujira wake ni shilingi 6,000, basi zimesalia 3,000. Mwenye nyumba akamwambia angoje mwisho wa mwezi. Haujaisha mwezi, jirani wa chini akapanda kumwonyesha dari yake inavyodondoka maji. Fundi akipigiwa simu haipokei, lakini ujumbe wa kudai 3,000 zake haachi kuuleta. Ndugu yetu auliza: je, ni halali kumzuilia fedha hizo?

Kabla ya kujibu tutasema neno ambalo huenda lisimpendeze. Katika kisa hiki mtu wa kwanza kukosea si fundi peke yake. Wanazuoni wetu wa Kishafii wameshurutisha katika ijara kuwa kazi ijulikane na ujira ujulikane. Neno "tutaelewana" si ujira. Ni mlango wa ugomvi uliofunguliwa na watu wawili kwa pamoja, kila mmoja akidhani atamshinda mwenziwe baadaye: fundi adhani atadai zaidi, na mwenye nyumba adhani atatoa kidogo. Twanunua samaki kwa kuulizana bei mara tatu, kisha twampa mtu tusiyemjua nyundo aubomoe ukuta wa nyumba yetu pasina kujua tutamlipa nini!

Hukumu ya ijara ambayo ujira wake haukujulikana ni kuwa mkataba umefisidika. Lakini jasho la mtu halipotei kwa hilo. Fundi anastahiki ujira wa mfano, yaani kile wanacholipwa mafundi wa mji ule kwa kazi kama ile. Basi zile 6,000 si hoja kwa kuwa fundi amezitaja, wala zile 3,000 za kwanza si hoja kwa kuwa mwenye nyumba amezitoa. Waulizwe mafundi wawili wenye ujuzi wa pale Ruiru, wasio jamaa wa huyu wala wa yule, kazi ile ikifanywa sawasawa yalipwa ngapi. Wakisema 5,000, basi deni lililosalia ni 2,000. Na ajihadhari ndugu yetu asilizuilie kwa hasira tu za kucheleweshwa siku tisa, kwani katika hadithi iliyoko kwa Bukhari, miongoni mwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama ni mtu aliyemwajiri mfanyakazi, akaipata kazi yake kamili, asimpe ujira wake.

Neno la kushika hapo ni "kamili". Je, huyu ameifanya kazi kamili? Hapa yataka insafu na subira. Mabomba ya plastiki ya siku hizi huungwa kwa moto. Yakipashwa kidogo kuliko kadiri, kiungo huachia baada ya muda. Yakipashwa mno, plastiki huyeyuka ikaziba njia ya maji kwa ndani. Kosa kama hilo ni la fundi wa mabomba. Lakini yawezekana pia kuwa aliyepiga vigae ndiye aliyelitoboa bomba, na yawezekana kuwa maji yanayodondoka ni ya bomba jingine la zamani. Na afunge koki zote za nyumba aitazame mita: ikiwa yaendelea kuzunguka, maji yapotea baada ya mita, upande wake. Kisha kigae kiondolewe mbele ya shahidi, mahali paonekane. Kumtuhumu mtu kabla ya kupaona ni dhuluma, hata kama simu hapokei.

Ikithibiti kuwa kiungo ni kibovu kwa uzembe wake, atadhamini alichoharibu. Mas'ala ya dhamana ya mafundi wamehitilafiana wanazuoni tangu zamani. Imepokewa kuwa Sayyidna Ali (R.A.) aliwadhaminisha mafundi mali za watu zilizoharibikia mikononi mwao, akiona kuwa watu hawatengenekewi ila kwa hivyo, ijapokuwa isnadi ya habari hiyo imesemwa. Ama Imamu Shafii, mwanafunzi wake Rabii amesimulia jambo la ajabu: kuwa imamu alikuwa akiona fundi hana dhamana ila kwa kilichoharibiwa na mkono wake, lakini hakuwa akiidhihirisha rai hiyo kwa kuchelea mafundi wabaya. Basi tazameni, zaidi ya miaka elfu na mia mbili iliyopita, imamu mkubwa kama huyu aona rai yake mwenyewe ni nzito kutangazwa sokoni! Wala hapana hitilafu kwa fundi aliyezembea. Na katika Sunan Abi Daud imo hadithi kuwa anayejitia utabibu hali hakujulikana kwa utabibu ni mdhamini. Na aliyejitia ufundi wa mabomba hali haujui ni mfano wake.

Na mafundi wa namna hiyo hawaoti bure. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2009 mji wa Ruiru ulikuwa na watu wapatao 239,000. Mwaka 2019 wakafika karibu 490,000. Mji unapoongezeka mara mbili kwa miaka kumi, nyumba hujengwa kila uchochoro, na kila aliyewahi kumshikia fundi spana hujiita fundi. Huchukua arubuni ya nyumba nne kwa siku moja, akanunulia vifaa vya nyumba ya kwanza kwa fedha za nyumba ya pili, na huyu wa nne ndiye anayeambiwa kesho. Wengine huelewana na mwenye duka la vifaa aandike bei zaidi ya ile iliyolipwa. Hiyo ni hiyana, kwani aliyetumwa kununua ni wakili, na ziada aliyoificha ni mali ya aliyemtuma.

Tunasikitika zaidi kwa fundi Mwislamu ambaye kila akiulizwa siku ya kuja husema "Inshaallah kesho," naye moyoni ajua kesho yuko Thika kwa mtu mwingine. Neno tulilofundishwa katika Sura ya al-Kahf ili tuyategemeze mambo yetu kwa Mola wetu, amelifanya pazia la uwongo. Majirani wasio Waislamu wamekwisha kulizoea, hata wakilisikia hudhani maana yake ni "siji".

Wako wanaosema dawa ni kumwajiri Mwislamu mwenzetu tu. Sivyo. Katika mwaka wa Hijra Mtume (S.A.W.) na Abubakar walimwajiri Abdallah bin Uraiqit awaonyeshe njia, naye wakati huo alikuwa katika dini ya makafiri wa Kikureshi. Alikuwa hodari wa njia, wakamwamini, wakampa ngamia wao wawili, wakaagana naye pango la Thaur baada ya siku tatu. Akaja nao kwa wakati, hali Makureshi wameahidi mali nyingi kwa atakayewakamata. Habari hiyo Bukhari ameiweka katika mlango wa ijara. Sifa mbili alizozitaja binti wa Madyan alipomshauri baba yake amwajiri Nabii Musa (A.S.) ni nguvu na uaminifu. Nguvu ya fundi ni ujuzi wake. Huko kwetu Kenya iko mitihani ya serikali ya mafundi, ya daraja ya tatu hadi ya kwanza. Si aibu kumwomba mtu cheti chake. Uaminifu hauna cheti. Huulizwa kwa waliomwajiri kabla yako.

Na mkataba uandikwe, ijapo kwa simu: kazi gani, ujira gani, siku gani, nani anunue vifaa. Na iwekwe sharti kuwa sehemu ya ujira italipwa baada ya maji kufunguliwa usiku mzima kabla ukuta haujazibwa. Sharti hilo ni halali na halimdhulumu mtu, kwani kiungo kibovu huweza kuanza kulia usiku ule ule. Hata sheria ya nchi ya mwaka 2012 ya kuwalinda wanunuzi imekataza mtu aliyekadiria bei kudai zaidi ya makadirio kwa kupita sehemu kumi katika mia.

Wasipopatana, asiende kwa kadhi, maana mahakama ya kadhi katika Kenya husikiliza ndoa, talaka, mirathi na hali za watu. Iko Mahakama ya Madai Madogo iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016, nayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 na hutakiwa kumaliza kesi kwa siku 60. Lakini kwa shilingi 2,000 au 3,000, wazee wawili wa mtaa watosha.

Lililobaki ni la jirani wa chini, ambaye ndugu yetu hakumwulizia kitu, na kwetu sisi ndilo la kwanza. Yule hakumwajiri fundi wala hakuagana na mtu yeyote. Ndugu yetu afunge maji ya upande ule leo hii, alete fundi mwingine, aitengeneze na ile dari, kisha ndipo amdai fundi wa kwanza kilichothibiti juu yake. Wallahu aalam.