MAJI YA SAMAKI NI MBOLEA



Tuseme mkulima ana kidimbwi cha perege uani kwake. Kila akibadilisha maji, huyamwaga njiani. Kisha huenda dukani kununua mbolea. Je, unaona kosa lake? Amemwaga mbolea, halafu amekwenda kununua mbolea!

Kwa nini maji hayo ni mbolea?

Samaki akila hutoa kinyesi. Pia hutoa amonia kwa matamvua yake. Amonia ikizidi majini, samaki hufa. Lakini wamo vijidudu wadogo mno, wasioonekana kwa macho, wanaoigeuza amonia kuwa naitreti. Naitreti ni chakula cha mimea. Ndiyo inayofanya mchicha uwe na majani mengi ya kijani.

Jambo hili limejaribiwa hapa hapa Unguja. Mwisho wa miaka ya 1990, wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari walichimba mabwawa ya samaki huko Makoba. Maji yaliyotoka kwa samaki yalipitishwa kwenye mwani. Mwani ukala ule uchafu, na maji yakasafika. Lakini maji yale yalikuwa ya bahari, na mwani ni mmea wa bahari. Mchicha sivyo.

Jihadhari na mambo haya

1. Maji ya chumvi usiyatie shambani kabisa. Chumvi huzuia mizizi isinywe maji, na udongo huharibika.

2. Ukiwatia samaki dawa, maji hayo usimwagilie mboga.

3. Usimwage karibu na kisima. Ardhi yetu ya mawe hupitisha maji upesi. Naitreti ikizidi katika maji ya kunywa, inaweza kumdhuru mtoto mchanga.

4. Mwagilia udongoni, siyo juu ya majani. Mboga zioshe vizuri kwa maji safi kabla ya kula.

Namna ya kufanya

Usitoe maji yote kwa mara moja, samaki wataumia. Toa robo tu, kisha ongeza maji mengine safi. Teka ya chini, kwani uchafu hukaa chini. Mwagilia asubuhi au jioni mchicha, bamia, tungule au bilingani. Anza na tuta moja. Ukiona kingo za majani zinaungua, acha. Tope la chini ya kidimbwi nalo usilitupe. Likaushe, ulichanganye na udongo.

Hata watu wa Mji Mkongwe wasio na shamba wanaweza. Mwenye samaki wa pambo wa maji baridi katika sanduku la kioo, amwagilie maji yake kwenye makopo ya mimea.

Lakini tusidanganyane. Maji haya hayatoshi peke yake. Samadi na majani yaliyooza bado yanahitajika. Faida yake ni kwamba utapunguza kununua, na maji yale yale yatafanya kazi mara mbili.

Soma na mwenzio, kisha jaribuni.

MASWALI

1. Nani huigeuza amonia kuwa naitreti?

2. Kwa nini maji ya mabwawa ya Makoba hayafai kwa mchicha?

3. Tangi lina lita 200. Ukitoa robo, utapata ndoo ngapi za lita 10?

(Jibu la swali la 3: ndoo 5.)