Sanamu Nyeupe Zinazogeuka Manjano

Nguo nyeupe ikianikwa juani huzidi kuwa nyeupe. Plastiki nyeupe ikiwekwa juani hugeuka manjano. Jua ni lile lile, nalo latenda kazi mbili zinazopingana, na sisi tunaosoma kemia yafaa tuulize sababu yake. Tazama swichi za taa katika jengo lo lote la zamani, au redio ya babu iliyokaa miaka mingi karibu na dirisha, utaiona rangi ninayoisema. Si uchafu, kwa maana hata ukisugua kwa sabuni kutwa haitoki.

Watu wanaosumbuliwa sana na jambo hili ni wale wanaokusanya sanamu ndogo za kuchezea za zamani. Chukua mfano wa Stormtrooper, yule askari mweupe wa filamu ya Star Wars iliyotoka Marekani mwaka 1977. Kampuni ya Kenner ndiyo iliyotengeneza sanamu za filamu hiyo. Hazikuwa tayari kwa Krismasi ya mwaka ule, basi Kenner wakauza bahasha ya kadibodi yenye hati ndani yake, na watoto wakapelekewa sanamu kwa posta mwaka 1978. Mtoto aliyepewa karatasi siku ya Krismasi alihitaji subira kubwa! Sanamu ya askari huyo ina kimo cha sentimeta 9.5 hivi. Leo askari wengi wa siku zile wana rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Tena mara nyingi utakuta kiwiliwili ni cha manjano hali mikono ingali myeupe, au kinyume chake, ijapokuwa vimekaa pamoja siku zote. Hiyo ni dalili ya kuwa plastiki si kitu cha namna moja.

Plastiki ngumu itumikayo sana katika vitu vya kuchezea huitwa ABS. Kampuni ya Lego ilianza kuitumia mwaka 1963 badala ya selulosi asetati. Herufi hizo tatu zasimama badala ya akrilonitraili, butadaini na stairini. Butadaini ndiyo inayoifanya plastiki isipasuke ovyo ikianguka, na hapo hapo ndipo penye udhaifu wake, kwa kuwa imebaki na vifungo maradufu kati ya atomi za kaboni. Mionzi ya urujuanimno, ambayo jicho haliioni, huichokoza molekuli hiyo, na oksijeni ya hewani ikapata nafasi ya kuingia. Baada ya muda huzaliwa viini vinavyomeza nuru ya buluu. Nuru nyeupe ikipungukiwa na buluu, ile inayorudi machoni petu huonekana manjano. Joto nalo husaidia kazi hiyo, na kwa sababu hiyo hata sanamu iliyofungiwa sandukuni yaweza kugeuka, ila polepole zaidi. Mabadiliko hayo huwa zaidi juu ya uso; ukivunja kipande, mara nyingi utaona ndani bado ni peupe.

Sasa tutazame dawa. Mwaka 2008 wapenzi wa kompyuta za zamani walieneza njia waliyoiita Retr0bright, na wenye sanamu wakaifuata. Dawa yenyewe si ngeni kwetu: ni haidrojeni peroksaidi, ile ile tunayoitilia manganizi dayoksaidi katika maabara ili tupate oksijeni. Nuru huivunja, na vipande vyake vyenye nguvu huvishambulia vile viini vya manjano mpaka visiweze tena kumeza nuru ya buluu. Kwa hiyo jua lililoharibu ndilo linaloitwa kusaidia, mradi peroksaidi iwepo.

Kwanza sanamu huoshwa kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na mswaki laini. Asitoni isiguswe kabisa, kwani huyeyusha ABS. Karatasi zilizobandikwa, nguo na vipande vya chuma huondolewa. Rangi iliyopakwa kwa brashi, kama ile nyeusi ya macho ya askari wetu, yaweza kupauka, na huyu mtu hafai kitu bila macho. Kisha sanamu huzamishwa katika chupa ya kioo yenye peroksaidi, ikawekwa juani, na kugeuzwa mara kwa mara. Sehemu ikielea juu, au povu likishika mahali pamoja, hutokea mabaka ambayo ni mabaya kuliko manjano yenyewe. Peroksaidi ya asilimia 3 ya duka la dawa hufanya kazi polepole. Ile ya saluni ya asilimia 12 ni ya haraka, lakini huunguza ngozi na yaweza kupofusha jicho. Glavu na miwani ya kukinga macho ni lazima, na mtu mzima awepo. Jambo linalosahauliwa ni kifuniko: kisikazwe! Oksijeni hutoka muda wote, na chupa iliyofungwa sana yaweza kupasuka.

Je, plastiki imepona? Hapana. Rangi imeondolewa, lakini vifungo vilivyokatika havikuungwa tena. Wengi waliosafisha sanamu zao wameona manjano yakirudi, na plastiki iliyooshwa kwa dawa kali yaweza kudhoofika au kufanya ukungu mweupe usiotoka. Kwa hiyo mimi naona sanamu ya nadra ni heri iachwe na umanjano wake, na dawa itumiwe kwa ile ambayo mwenyewe hatajuta ikiharibika. Kuna watu husafisha askari wa namna hii, wakampiga picha siku hiyo hiyo akiwa mweupe pe, wakamwuza kwa bei ya asiyeguswa. Mnunuzi amwambiwe. Miaka miwili baadaye atakuwa na askari wa manjano mkononi, na fedha zimekwisha kwenda.

Kuzuia ni kazi rahisi zaidi ijapokuwa haina shangwe. Sanamu ikae gizani, mahali pa baridi na pakavu. Kioo cha dirisha si kinga ya kutosha, kwa kuwa sehemu kubwa ya urujuanimno hupita. Darini chini ya mabati ni pabaya, hasa kwa nchi zetu zenye joto. Mifuko laini ya PVC isitumiwe kufungia, kwa sababu mafuta yake ya kulainishia hutoka na kunata juu ya sanamu. Karatasi isiyo na asidi yatosha. Na anayetaka wageni waione sanamu yake, aiweke kabatini mbali na dirisha na aimulike kwa taa ya LED, ambayo urujuanimno wake ni mdogo mno, akiizima wageni wakiondoka.