SOMO LA LUGHA: MANENO YA KIUME NA YA KIKE KATIKA KIOROMO

Kioromo husemwa na mamilioni ya watu nchini Ethiopia. Katika Kenya husemwa na Waborana na Wagabra katika sehemu za Marsabit, Moyale na Isiolo, na pia Waorma wa Mto Tana. Krapf, kabla ya kufika Mombasa mwaka 1844, alikuwa amekwisha kujifunza lugha hii, na kitabu chake kidogo cha sarufi yake kilipigwa chapa mwaka 1840.

Msemaji wa Kiswahili akisema, “Mtoto amekuja,” hatujui kama ni mvulana au msichana. Kioromo hakifichi jambo hilo. Mwanamume akija, husemwa *dhufe*. Mwanamke akija, husemwa *dhufte*. Vivyo hivyo, *deeme* ni amekwenda, mwanamume. *Deemte* ni amekwenda, mwanamke.

Tufikiri habari ya karani wa zahanati. Mama mmoja ana watoto wawili wagonjwa, mvulana na msichana. Asema, “*Kaleessa dhufte*,” yaani, “Alikuja jana.” Karani asiyejua maana ya ile *t* aweza kuitwaa karatasi ya mvulana, na dawa ya mmoja ikapewa mwingine. Herufi moja tu, lakini hasara yake si ndogo.

Herufi hiyo ndiyo ufunguo wa somo. Kwa jumla *k* ni alama ya kiume na *t* ni alama ya kike. Watu wengi wa kusini husema:

*abbaa kiyya* – baba yangu
*haadha tiyya* – mama yangu
*ilma kiyya* – mwanangu wa kiume
*intala tiyya* – binti yangu

Hata sifa hugeuka: mvulana mkubwa ni *ilma guddaa*, msichana mkubwa ni *intala guddoo*. Ndugu wa kiume ni *obboleessa*, dada ni *obboleettii*. Tena vitu visivyo na uhai vina jinsi yake: jua, *aduu*, na nyota, *urjii*, huhesabiwa kuwa vya kike. Kwa hiyo yafaa kila neno lijifunzwe pamoja na jinsi yake, kama vile mgeni ajifunzaye Kiswahili apaswavyo kujua ngeli.

Mwanafunzi aangalie jambo moja: *dhufte* ni pia “umekuja”, akiambiwa mtu mmoja, awe mwanamume au mwanamke. Maana yatambulikana kwa mazungumzo.

Maneno ya kila siku: *nagaa*, amani, nalo hutumika katika kuamkiana, *bishaan*, maji, *aannan*, maziwa, *mana*, nyumba, *gaala*, ngamia, *sangaa*, maksai, *har'a*, leo, *kottu*, njoo. Hesabu: *tokko, lama, sadii, afur, shan*.

Maandishi haya yafuata herufi za Kilatini zilizokubaliwa rasmi Ethiopia mwaka 1991. *Dh* si ile ya “dhahabu”. Ni kama *d* inayovutwa ndani ya kinywa. Herufi zikiandikwa mara mbili zivutwe au zikazwe, kwa maana *badaa* ni kibaya, bali *baddaa* ni nchi ya juu yenye baridi. Matamshi hubadilika kidogo mahali na mahali. Basi mwanafunzi asikilize wenyeji.

ZOEZI. Fasiri kwa Kioromo: (1) maksai wangu, (2) dada yangu, (3) amekuja leo, mwanamume.

Majibu: (1) *sangaa kiyya*, (2) *obboleettii tiyya*, (3) *har'a dhufe*.