Mbaruti wa Pitcher: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Mbaruti wa Pitcher huota kwenye vilima vya mchanga kandokando ya maziwa ya Michigan, Huron na Superior, nchini Marekani na Kanada, na hauoti kwingine kokote duniani. Tangu 1988 sheria ya Marekani inauhesabu miongoni mwa mimea iliyo hatarini. Wasomaji wetu wa Grand Rapids na Chicago wanaotaka kujitolea kuurudisha wanakaribishwa, ila kazi hii ina masharti, na asiyeyaweza abaki ufukweni aogelee.

Jua kwanza unachokitafuta. Majani yake ni ya rangi ya majivu inayoelekea buluu, yamechanika hadi karibu na uti wa kati, na yana vinyweleo vyeupe laini kama sufi. Ua ni jeupe la maziwa au waridi iliyofifia. Yule ndugu yake msumbufu, gugu la mashambani lililotoka Ulaya, ana majani ya kijani na maua ya zambarau. Using'oe chochote chenye miiba kabla msimamizi hajakiona.

Usikanyage mche. Kwa kawaida mbaruti huu hukaa miaka mitano hadi minane umetandaza majani mchangani, huku ukiteremsha mzizi unaoweza kufika karibu mita mbili. Kisha hunyanyuka, huchanua mara moja tu, hutoa mbegu na kufa. Hautoi machipukizi ya pembeni. Mbegu ndiyo njia yake pekee ya kuzaana. Hesabu mwenyewe: kiatu kimoja juu ya mche wa mwaka wa sita, na miaka yote sita imekwenda bure.

Usiuchimbue ukauhamishie "mahali salama". Mzizi utakatika, mmea utakufa. Hapo sina subira na mtu.

Usichume mbegu bila kibali. Kwenye ardhi ya serikali kuu kuuchukua mmea huu ni kuvunja sheria. Mwenye kibali naye achume kidogo kidogo kutoka mimea mingi, si kuukwangua ule mmoja ulionawiri kuliko yote, kwa sababu tofauti za urithi ndani ya mbaruti huu tayari ni chache.

Mbegu za kitaluni zilaze kwenye baridi na unyevu kwa wiki kadhaa, maana zimezoea kupitisha majira ya baridi chini ya theluji. Za kupanda moja kwa moja mchangani, panda wakati wa vuli na uzifukie kidogo. Ukiziacha juu, ndege na panya watashukuru; ukizizamisha mno, mche hautoki.

Usitulize mchanga. Hapa ndipo wenye bidii wanapoharibu. Mtu akiona mchanga unapeperuka hutaka kuuzuia: apande nyasi, asimamishe uzio wa fito, amwage mbolea. Mbaruti huu unataka kinyume chake. Unahitaji mchanga wazi unaosogea. Penye nyasi zilizofumana au kivuli, miche yake haipati nafasi. Mwaka 1899 Henry Chandler Cowles wa Chuo Kikuu cha Chicago alieleza jinsi mimea ya vilima vya Ziwa Michigan inavyopokezana: nyasi hushika mchanga, vichaka hufuata, mwishowe msitu. Mbaruti huu ni wa mwanzo wa foleni hiyo, na msitu ukifika wenyewe umeshaondoka. Upepo ukibomoa kilima ndipo mbaruti unapopata makazi mapya. Uache upepo ufanye kazi yake. Lakini usijifanye wewe ndiye upepo: pikipiki za mchangani na njia za mkato za watalii zinaua.

Ng'oa jipsofila. Ni kile kimea chenye viua vidogo vyeupe vinavyojazia mashada ya harusi. Kimevamia vilima vya kaskazini-magharibi mwa Michigan, Sleeping Bear Dunes ikiwemo. Kikate kwa sepetu chini ya shingo ya mzizi, la sivyo kitachipua tena. Dawa ya magugu ishikwe na aliyefunzwa, tena siku isiyo na upepo.

Kagua vichwa vya maua. Fukusi wa Ulaya aitwaye Larinus, aliyesambazwa makusudi ili apunguze lile gugu la mashambani, hutaga mayai humo na buu wake hula mbegu. Hakuna aliyemfundisha kubagua. Ukimwona, toa taarifa. Usipulize sumu, kwa kuwa nyuki ndio wachavushaji.

Usitangaze ushindi mapema. Illinois ilikuwa imeupoteza mbaruti huu kabisa, na upandaji wa kuurudisha ulianza 1991 katika Illinois Beach State Park. Miche ya kupandwa ikinawiri, bado hujafanya kitu. Mmea umerudi pale tu miche iliyozaliwa papo hapo inapochanua na mbegu zake kuota bila mkono wa mtu, na hiyo ni zaidi ya miaka kumi. Asiyekuwa tayari kurudi kila kiangazi kuhesabu miche kwa muda huo, asianze kupanda.