Yaya, sijui kuogelea: niende kuona potwe?



Barua ya leo imetoka kwa mdogo wetu wa Kasongo anayeuza vitenge. Anashuka Dar es Salaam kununua mali Kariakoo, na binamu zake wa huko wamempangia safari ya kisiwa cha Mafia: kupanda mashua, kumwona samaki papa mkubwa aitwaye potwe, na atakayependa azame na mtungi wa hewa mgongoni. Anauliza: "Yaya, natamani sana, lakini sijui kuogelea na nimeona haya kuwaambia. Nijikaze tu?"

Hapana, mdogo wangu. Nenda, lakini usijikaze. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na baharini neno hilo lina uzito zaidi kuliko nchi kavu. Nahodha akijua hujui kuogelea, atakuwekea mtu wa kukushika. Asipojua, atakuhesabu pamoja na wanaojua, na macho yake yatakuwa kwa wengine.

Kwanza ujue unakwenda kuona nini. Potwe ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani. Akikua kabisa anaweza kupita mita 12, ila wale wa Mafia wengi ni madume ambayo hayajakomaa, na urefu wao ni mita chache chini ya hapo. Ngozi yake ni ya kijivu na imejaa madoa meupe ambayo mpangilio wake haufanani kwa potwe wawili, ndiyo maana watafiti humpiga picha ubavuni, nyuma ya matamvua, wapate kumtambua akirudi tena. Kinywa chake ni kipana sana, lakini hali watu. Anakifungua, anaingiza maji, anachuja uduvi na samaki wadogo, kisha maji yanatokea kwenye matamvua. Mkia wake unakwenda kushoto na kulia taratibu, na wewe unayemfuata utaona kwamba hata taratibu yake hiyo ni mwendo kweli: ukichelewa kidogo, ameshakuacha.

Msimu wake mzuri pale Mafia ni kuanzia Oktoba hadi Machi, upande wa magharibi wa kisiwa, mbele ya mji wa Kilindoni. Hapo hapo ndipo wavuvi wa dagaa wanapotupa nyavu, kwa sababu mvuvi na potwe wanafuata riziki moja. Nahodha huondoka asubuhi, akatazama ndege wanakoshukia majini, akawauliza wavuvi, akatafuta pezi la mgongo juu ya maji. Akimwona hupunguza mashine, na watu hushuka polepole bila kujirusha. Pengine siku itapita msimwone. Huyo ni kiumbe wa Mungu aliye huru katika bahari yake, na mwenye mashua anayekuapia kwamba utamwona kwa vyovyote anataka pesa zako tu.

Sasa sikia jambo litakalokutuliza. Potwe hula karibu na uso wa maji, kwa hiyo kumwona hakuhitaji mtungi. Watu huvaa miwani ya maji, mrija wa kupumulia na mapezi ya miguuni, wakaelea kifudifudi. Wewe usiyejua kuogelea vaa jaketi la kuokolea, ile jile yetu, ushuke ukiwa umeshika boya, na mwongozaji awe pembeni yako. Ukiona moyo unakataa, kaa mashuani. Utamwona vizuri tu akipita, na nauli yako haitakuwa imepotea. Kuzama na mitungi hufanyika zaidi upande wa mashariki, kwenye ghuba ya Chole, ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, ambayo ndiyo ya kwanza ya aina hiyo Tanzania. Huko kuna matumbawe, kasa, chewa na taa.

Kwa anayetaka mtungi, haya ni ya kuyashika kichwani. Ndani ya mtungi mna hewa ya kawaida iliyoshindiliwa. Ukishuka mita 10, mgandamizo juu ya mwili wako unakuwa mara mbili ya ule wa juu. Chukua chupa tupu ya plastiki, uifunge kizibo na kuipeleka chini: itabonyea. Sasa ijaze hewa huko huko chini, uifunge, uipandishe: itavimba na inaweza kupasuka. Mapafu yako ni hivyo hivyo. Ndiyo maana sheria ya kwanza ya mzamiaji ni kutobana pumzi kamwe, hasa wakati wa kupanda, na kupanda polepole. Masikio nayo yanataka kusaidiwa: bana pua, pulizia kidogo, tena kabla maumivu hayajaanza. Ukiwa na mafua, siku hiyo usizame. Mjamzito asizame kabisa. Mwenye pumu, kifafa au ugonjwa wa moyo aonane na daktari kwanza, na ile karatasi ya maswali ya afya aijaze kwa ukweli.

Anayezama kwa mara ya kwanza bila cheti hushikwa na mwalimu na hapitishwi mita 12. Kozi kamili ya mwanzo huchukua siku tatu au nne, na kwenye mtihani wake utaogelea mita 200 bila kusimama na kuelea dakika 10. Cheti hicho kinakuruhusu kufika mita 18. Ukishazama, usipande ndege kabla ya saa 18 kupita, maana hewa iliyoingia mwilini kwa mgandamizo inataka muda wa kutoka. Mafia watu wengi huondoka kwa ndege ndogo, kwa hiyo panga siku ya kupumzika mapema.

Nasimama hapa kidogo kwa sababu ya barua nyingine, ya mama mmoja wa Kabambare ambaye mwanawe amekwenda kuzama kwenye draga za dhahabu, zile mashine za kunyonya mchanga mtoni. Mama, sheria za mzamiaji wa mtungi na za mzamiaji wa dhahabu ni zile zile. Vijana waliokuwa wakizama katika mto Ulindi kule Shabunda walipumua kwa mpira unaotoka kwenye mashine juu, na mapafu yao hayajui kama chini kuna matumbawe au mchanga wenye dhahabu. Mwambie kijana wako asipande mbio, asibane pumzi, na moshi wa mashine usielekee pale hewa inapoingilia. Akitoka majini na maumivu ya viungo, ganzi au kizunguzungu, si uchawi wala uvivu. Ni ugonjwa wa wazamiaji, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Turudi kwako, mdogo wangu wa vitenge. Umeuliza pia habari ya mavazi, kwa kuwa wewe ni Mwislamu na hutaki kuvua heshima yako. Nguo ya mzamiaji hufunika kuanzia shingoni hadi vifundoni, na zipo nguo za kuogelea zenye kofia na mikono mirefu. Kule Nungwi, kaskazini mwa Unguja, mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea na kuokoa watu wakiwa wamevaa nguo za namna hiyo. Usikubali mtu akuambie maji si mahali pa mwanamke.

Kama una muda, jifunze kuelea ukiwa Dar, kwenye bwawa, na mwalimu. Usijifunzie Lualaba peke yako. Unajua mwenyewe maji yale yana nguvu na mamba. Anza kwa kulala chali na kupumua. Mtu anayeweza kuelea chali bila hofu ameshapata nusu ya kazi.

Mbele ya potwe, adabu. Usimguse, usimpande, usimzibie njia. Kaa mbali naye mita 3, na upande wa mkia mita 4, kwa kuwa mkia huo una nguvu ya kukuumiza bila yeye kukusudia. Usipige picha kwa taa. Mkijazana majini anazama na kuacha chakula chake, na tangu mwaka 2016 potwe amewekwa kwenye orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kutoweka. Wavuvi na waongozaji wa Kilindoni wanategemea arudi kila msimu.

Njia ya kwenda huko si ngeni kwetu. Karne ya 19 misafara ya mfanyabiashara Tippu Tip na wenzake ilipita Kasongo, Kabambare na Ujiji hadi pwani. Watu wa jimbo letu la Maniema walitembea miezi na pembe za ndovu mabegani, na wengi walikwenda wakiwa wamefungwa. Wewe unakwenda kwa hiari yako na kwa faida ya biashara yako. Basi hiari hiyo uibebe hadi mashuani: mtu akisema "ruka, usiogope, wenzako wote wameruka", una haki ya kukaa ulipo.

Mambo ya njiani, kwa ufupi. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Nchi yetu ya Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini ulizia DGM, idara yetu ya uhamiaji, mahitaji ya sasa kabla hujafunga mzigo. Unapovuka ziwa Tanganyika, vaa jile tangu gatini, na mashua ikijaa kupita kiasi iache iende. Kutoka Dar utafika Mafia kwa ndege, au utashuka hadi Nyamisati na kupanda kivuko cha Kilindoni. Asubuhi ya safari kula chakula chepesi, kaa katikati ya mashua, tazama mbali, na kichefuchefu kitapungua.

Kabla ya kulipa, uliza: jile zipo ngapi, na watu ni wangapi? Mwongozaji anashuka majini au anabaki juu? Oksijeni ya dharura na redio zipo? Bei imejumuisha ada ya hifadhi, miwani na chakula? Akikasirikia maswali hayo, tafuta mwingine.

Najua kuna watakaosema huu ni upotevu wa pesa. Ada ya watoto na mtaji wa duka vitangulie, hilo halina ubishi. Kikibaki kidogo ulichokitolea jasho, kukitumia kuona kazi ya Mungu si dhambi.

Leo jioni mwandikie binamu yako: "Sijui kuogelea. Niwekeeni jile na mtu wa kunishika." Akicheka, mwache acheke, halafu mwambie amfikishie nahodha maneno hayo hayo.