Unadaiwa na wangapi?

Marekani mtu hutembea na kadi za mkopo tatu au nne pochini. Sisi wa Ifakara tunatembea na laini. Simu moja laini mbili, ya tatu imefichwa nyuma ya kava, na kila laini ina menyu yake ya kukopa. Kuzimudu zote kwa pamoja kuna hesabu yake, na mimi niliijua nikiwa nimeshaumia.

Mwaka jana, mwezi wa tano, mama alinitumia 30,000 kutoka Mang'ula. Alikuwa ameuza madebe ya mpunga yaliyobaki ndani ili nipate nauli na chakula cha wiki ya mazoezi kijijini. Ujumbe uliingia nikiwa darasani. Kabla sijamaliza kuusoma ukaingia wa pili: 24,000 zimekatwa kulipia deni. Nilikuwa nimeiruhusu laini ile inikamilishie miamala salio likipungua, leo 3,000, kesho 5,000, na sikuwahi kujumlisha. Mpunga wa mama ukaisha hivyo. Jioni, kwa kuwa deni limelipwa, laini ile ile ikanikaribisha tena. Nikakopa. Safari nilienda kwa hela ya deni.

Haikuishia hapo. Laini ya pili ilikuwa inanidai 33,000 na siku ya mwisho imekaribia. Kuchelewa ni faini ya 3,000. Nikaogopa, nikapakua programu ya mkopo. Iliandika mkopo wa 50,000, ikanipa mkononi 35,000, nirudishe 50,000 baada ya siku 7. Yaani niliikimbia faini ya 3,000 kwa kulipa 15,000. Laini ya pili ilipoona nimelipa vizuri ikanipandishia kiwango, nami nikachukua 50,000, kurudisha 55,000 ndani ya siku 30. Ongeza 18,000 za wali maharage kwa mama wa genge pale Kibaoni. Siku ya nane ile programu ilianza kunitoza 1,000 kila siku, na ikamtumia ujumbe kiongozi wa kundi letu la semina kwamba mimi ni mdaiwa sugu. Namba yake iliitoa kwenye simu yangu, kwa ruhusa niliyobonyeza mwenyewe bila kusoma.

Nikampigia mama. Baada ya shikamoo akauliza kama ile hela ilinifaa, nikashindwa kudanganya. Hakuuliza shilingi ngapi. Aliuliza, "Unadaiwa na wangapi?"

"Wanne."

Akanyamaza kidogo. Mama mwenyewe hukopa. Hela ya palizi huchukua kwa mnunuzi wa mpunga na hulipa kwa magunia wakati wa mavuno, kwa bei anayojua kabisa kuwa inamnyonya. Lakini ni mtu mmoja, na siku ya kulipa ni siku ambayo mpunga upo. "Mwanangu," akasema, "wenzako wanakuja kuvuna kila wiki. Wewe unavuna lini?"

Mimi navuna boom likitoka. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 hela ya kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo ni 10,000 kwa siku, na ya siku 60 ni 600,000. (Nayo ni mkopo, tusijisahaulishe. Ukiajiriwa watakata asilimia 15 ya mshahara.) Sasa mtu anayepata hela kila siku 60 akichukua deni la siku 7, atalilipa kwa nini kama si kwa deni jingine?

Usiku ule nilichukua karatasi. Swali lilikuwa moja: kila 1,000 niliyopokea mkononi inanigharimu shilingi ngapi kwa siku? Laini ya pili, 5,000 kwa 50,000 kwa siku 30, ni kama shilingi 3. Laini ya kwanza ilikuwa imefika 24,000 na inatoza 300 kila siku, hiyo ni shilingi 12 na nusu. Programu, 15,000 kwa 35,000 kwa siku 7, ni shilingi 61, hapo faini bado. Genge, sifuri. Deni nililokuwa naliogopa kuliko yote ni la laini ya pili kwa sababu ndilo kubwa. Kumbe kati ya yale yenye ada ndilo nafuu.

Kanuni za Benki Kuu zinawawekea watoa huduma ndogo za fedha wa daraja la pili ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa 35,000 hiyo ni 1,225. Mimi nilitoa 15,000 kwa wiki. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 za kukopesha zisizo na leseni. Kuisoma kunachukua dakika tano, na mimi sikuisoma.

Boom lilipotoka nililipa programu kwanza, 53,000, nikaifuta na kuizuia isione namba zangu. Kisha laini ya kwanza, iliyokuwa imefika 27,000, na nikajitoa kwenye huduma ile. Laini ya pili niliiacha ingoje tarehe yake. Kwa hesabu ya karatasi mama wa genge alipaswa kuwa wa mwisho, lakini nilimpelekea siku hiyo hiyo, maana 18,000 yangu ndiyo mchele wake wa kesho asubuhi. Jumla ilikuwa 153,000, siku 15 za chakula nilizokuwa nimeshazila.

Wakati wote huo mama alituma kwa laini ya mwenzangu wa chumbani. Sasa hivi nadaiwa na mmoja tu, 20,000, na tarehe yake ni wiki moja baada ya boom. Likichelewa, nitampigia mapema kabla yeye hajanipigia.