Maji Yafanye Kazi Mbili: Samaki na Mboga Uani

SOMO LA KILIMO NA LISHE



Mwezi wa Agosti hapa Tura unaujua. Mvua imekatika siku nyingi. Mchicha wa uani umekauka. Mama anapika nsansa leo, na kesho nsansa tena. Mtoto mdogo anaisukuma sahani.

Ukimwuliza mama kwa nini halimi mboga za majani, atakujibu: "Maji nitayatoa wapi? Ndoo ninayobeba ni ya kunywa na kupikia." Jibu lake ni la kweli. Basi somo letu la leo ni hili: ndoo moja ya maji inawezaje kufanya kazi mbili?

MAHALI PA KUTUA MZIGO

Zamani misafara ya wapagazi ilitoka pwani kwenda Tabora. Ilipita Ugogo, kisha nyika kavu ya Mgunda Mkali. Wakivuka nyika ile, wanafika Tura, mlango wa Unyamwezi. Mwingereza Richard Burton alipita hapa mwaka 1857. Aliandika kuwa jina la Tura maana yake ni kutua mzigo.

Wapagazi wa pembe hawapo tena. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, ikachukua mizigo yao. Lakini mzigo wa ndoo kichwani bado upo, na wanaoubeba zaidi ni mama zetu na binti zetu. Maji yaliyobebwa kwa shida hivyo tusiyatumie mara moja tu.

SAMAKI ANALISHAJE MBOGA?

Samaki akila, hutoa uchafu. Ndani ya uchafu huo mna sumu iitwayo amonia. Ikizidi majini, samaki hufa.

Lakini kuna vijidudu vidogo sana, visivyoonekana kwa macho, viitwavyo bakteria. Hukaa juu ya mawe, wakaigeuza amonia kuwa naitraiti. Wengine huigeuza naitraiti kuwa naitreti. Naitreti ni chakula cha mimea. Mmea ukiinyonya, maji yanabaki safi kwa samaki.

Kwa kifupi: samaki anailisha mboga, na mboga inamsafishia samaki nyumba yake.

KOSA LANGU MWENYEWE

Mimi nilijifunza jambo hili kwa hasara. Nilichukua pipa la lita 200. Nikatia perege 20 siku hiyo hiyo. Nikawalisha pumba asubuhi, mchana na jioni, nikidhani nawapenda. Siku ya sita niliamka nikawakuta wanaelea. Majirani walicheka, nami nilimwaga lita 200 za maji wakati wa kiangazi. Aibu ilikuwa yangu.

Mama mmoja wa darasa la kisomo alikuja kuniona. Nilimwamkia, "Mwangaluka, mayu." Akaitikia, akalitazama pipa, kisha akasema: "Mwalimu, hata ng'ombe ukiwafungia zizini bila kuzoa samadi, wataugua."

Nilikuwa nimesoma chuoni, lakini yeye ndiye aliyeliona kosa. Samaki walikuwa wengi, chakula kilikuwa kingi, na wazoa samadi, yaani bakteria na mimea, hawakuwapo.

HATUA ZA KUFUATA

1. Tengeneza tangi. Jenga karibu na nyumba, penye kivuli. Tangi la mita 1 kwa mita 1, kina mita 1, linachukua lita 1,000. Ukijenga kwa saruji, lijaze maji, yakae wiki moja, kisha yamwage. Fanya hivyo mara tatu. Saruji mpya huua samaki. Kazi hii ifanye wakati wa mvua, maji yakiwa mengi.

Angalizo: hapa kwetu tunalima tumbaku. Usitumie kamwe pipa wala dumu lililowekwa dawa za shambani, hata ukiliosha mara kumi.

2. Kinga maji ya mvua. Lita 1,000 ni ndoo 50 za lita 20. Usimbebeshe mama ndoo 50! Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya bati la mita 1 ya mraba, inatoa lita 1. Bati la mita 20 za mraba likipata mvua ya milimita 50, ni lita 1,000. Baadhi hupotea njiani, kwa hiyo usingoje mvua ya mwisho. Kama unatumia maji ya bomba yenye dawa, yaache wazi siku mbili kabla ya kutia samaki.

3. Panga vitanda vya mboga. Pasua madumu mawili ya lita 20 kwa urefu. Utapata vitanda vinne. Toboa matundu madogo chini, jaza kokoto zilizooshwa. Vilaze juu ya miti iliyopitishwa juu ya tangi. Panda miche ya mchicha, chainizi au sukuma wiki.

4. Anza na samaki wachache. Tia kambale watatu tu. Kambale ni mvumilivu, kwa sababu anaweza kuvuta hewa juu ya maji. Asubuhi, mchana na jioni chota maji tangini kwa kopo, mwagia kokoto, yachuje yarudi chini. Baada ya wiki sita hivi bakteria watakuwa wamekaa. Hapo ongeza samaki, wafike 10. Wawe wa ukubwa mmoja, maana kambale mkubwa humla mdogo.

5. Lisha kwa kiasi. Pumba, mashudu ya alizeti, unga wa dagaa, kumbikumbi, vyote vinafaa. Toa kiasi wanachomaliza kwa dakika 10. Kikibaki, kiopoe. Juni na Julai usiku ni baridi, na samaki hula kidogo. Punguza chakula.

6. Kila wiki chota ndoo mbili za maji ya chini, penye uchafu. Mwagilia bustani ya gunia au tuta la matembele. Kisha rudishia ndoo mbili za maji mapya. Na kila tangi linapopungua kwa jua, ongeza.

Hapa ndipo penye siri. Ndoo ya bustani ipite kwanza kwa samaki. Ikitoka huko, inatoka na mbolea.

MAMBO YA HATARI

Funika tangi kwa miti imara na wavu. Mtoto anaweza kuzama. Maji ya samaki si ya kunywa. Mboga zioshe kwa maji safi, kisha zipike. Mbu wakitaga tangini, samaki watakula viluwiluwi, lakini madumu yaliyotupwa uani yafukie.

Maji yakinuka, acha kulisha siku mbili na ubadilishe ndoo chache.

TUSIDANGANYANE

Tangi moja halitalisha kaya nzima mwaka mzima. Litakupa mchicha wa kuchuma ndani ya mwezi mmoja hivi tangu kupanda, tena wakati ambapo jirani hana. Baada ya miezi sita au zaidi litakupa kitoweo. Kwa mtoto mdogo na mama mjamzito, hayo si mambo madogo. Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya mwaka 1975, Chakula ni Uhai. Jina lile bado ni kweli.

Vifaranga vya samaki mwulize afisa uvuvi au afisa ugani. Katika mkoa wetu Serikali ina kituo cha ufugaji samaki huko Mwamapuli, Igunga.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini samaki wa mwalimu walikufa? Taja sababu tatu.
2. Bakteria wanafanya kazi gani kwenye kokoto?
3. Bati lako lina mita za mraba ngapi? Mvua ya milimita 30 ingekupa lita ngapi? Ni ndoo ngapi?
4. Nyumbani kwako nani anabeba maji? Mwezi huu utampunguzia mzigo huo kwa njia gani?

Swali la nne lijibuni kwa vitendo.